Kufuli Lenye Nukta Mbili

Siku aliyoondoka asirudi, Taratibu aliufunga mlango wa nyumba yake kwa nje, akausukuma kwa bega, akausukuma tena, kisha akapitisha ufunguo kwa chini ili mkewe aukute sakafuni akiamka. Ndivyo alivyofanya kila alfajiri ya zamu. Mkewe aliisikia misukumo ile miwili akiwa kitandani, akageukia ukutani, akalala tena.

Watoto wao pacha walipokuwa wakienda shule walikuta geti la kiwanda cha sabuni limefungwa na watu wamejaa nje. Wakapita. Hakuna mkubwa aliyewaambia kitu. Baba yao alikuwa bado ndani ya pipa la kuchanganyia sabuni, na mafundi walikuwa wanafungua mapanga ya mashine ili wamtoe.

Haya Mkaguzi aliyapata kwa mjane mwenyewe, mwezi haujaisha tangu mazishi. Walikaa sebuleni, dirisha wazi, chai imepoa mezani.

Jina la Mkaguzi lilikuwa limemganda tu. Ofisi ya ukaguzi wa viwanda alikuwa ameshaiacha kwa hiari yake, akakodi chumba juu ya duka la fundi cherehani na kubandika kibao mlangoni: Mshauri wa Usalama Kazini. Dada yake alipokisoma alicheka mpaka akashika ngazi. "Mshauri asiyeulizwa! Ulikuwa unakagua viwanda vya watu kwa mshahara, sasa utakagua kwa kudra?" Hii ya sabuni ilikuwa kazi yake ya kwanza, na aliyempa ni Meneja wa kiwanda.

"Umetumwa na Meneja," Mama Pacha alisema. Hakuwa anauliza.

"Ameniajiri. Anataka ripoti ya kupeleka bima."

"Ya kusema mume wangu kajiua kwa uzembe."

"Ya kusema kilichotokea."

"Dada, kwa Meneja hayo mawili ni kitu kimoja. Ule ubao getini umeuona?"

"Bado."

"Utauona. Anaandika kila aliyekosea, wapita njia wote wasome. Mume wangu kafanya kazi pale tangu hawa pacha hawajazaliwa, jina lake halikuwahi kukaa ubaoni. Limeandikwa akiwa maiti. Wanangu sasa wanazungukia sokoni kwenda shule ili wasilisome." Alikunja kanga magotini. "Mambo ya bima tutayaona mbele ya safari. Mimi nataka jina lifutwe."

"Likifutwa bila ushahidi, ataliandika tena. Hospitali walikurudishia nini?"

Mama Pacha aliingia chumbani akatoka na mfuko. Mlikuwa na suruali iliyochanwa kwa mkasi, mkanda, na ufunguo mdogo wenye kamba ya kuvaa shingoni.

"Huu ni wa kufuli lake la kazini," alisema.

Kufuli Mkaguzi alilijua. Viwandani, mtu akitaka kuingia ndani ya mashine huishusha swichi kuu ya ukutani, kisha huifunga kwa kufuli lake ili asitokee mwingine wa kuiwasha. Akitoka, analitoa mwenyewe. Kufuli la mtu haliguswi na mtu mwingine. Maelezo ya Meneja yalikuwa mafupi: Taratibu aliingia kukwangua pipa bila kufunga.

"Alikuwa analiacha kazini?"

"Thubutu! Kila siku anarudi nalo, linaning'inia mkandani kama mlinzi wa benki. Tazama mwenyewe." Alionyesha kitanzi cha mkanda kwenye suruali, kimeshonwa juu ya mshono mwingine. "Uzito wake unakata nyuzi. Namwambia baba, acha hilo lichuma huko huko, unanimalizia uzi. Ananijibu, mke wangu, kufuli ni kama mswaki, haliachwi kwa watu."

Akacheka kidogo, kisha akafunga mdomo kwa kiganja.

Mkaguzi aligusa mshono wa kitanzi. "Siku ile aliondoka nalo?"

"Aliondoka nalo. Liligonga mlango alipousukuma. Nililisikia." Akamtazama. "Mtu anayefunga mlango hivyo asahau kufuli?"

"Hilo si ushahidi, dada. Mtu makini naye husahau mara moja, na mara hiyo ndiyo sisi huitwa. Lakini hiki kitanzi ni ushahidi. Naomba niondoke na suruali na ufunguo."

Alipofika mlangoni aliuliza kama kuna ndugu mwingine kiwandani.

"Mdogo wangu. Wanamwita Redio, kwa mdomo. Shemeji yake ndiye aliyemwingiza kazini. Siku ile alikuwa zamu ya usiku, wanapokezana na marehemu asubuhi." Mama Pacha alivuta pazia. "Tangu tuzike hajakanyaga hapa. Simu hapokei. Nasikia hata kazini wanamtania, Redio imeisha betri."

*

Ubao ulikuwa mkubwa kuliko jina la kiwanda. Wafanyakazi waliuita Ubao wa Aibu. Juu kabisa, kwa chaki nyeupe: TARATIBU – HAKUFUNGA KUFULI. Chini yake makosa ya wengine yalikuwa yamefifia kwa mvua. Mkaguzi aliyasoma yote. Karibu kila mmoja aliandikwa kosa lile lile: AMESAHAU KUFULI SWICHINI.

Ofisini, Meneja alimpokea kwa kiti kizuri na feni iliyoelekezwa kwake.

"Mama Mkaguzi, sisi hatutaki mambo marefu."

"Nalitaka kufuli tu."

Alilitoa kwenye droo. Lilikuwa jekundu, na ubavuni lina nukta mbili za rangi nyeupe. Kila mfanyakazi alikuwa na alama yake. Taratibu alikuwa ameweka watoto wake.

"Lilikutwa wapi?"

"Limefungwa kwenye mkono wa kabati lake la nguo. Ufunguo uko shingoni kwake, ndani ya pipa. Sasa nani mwingine angelifunga pale?"

"Ndilo swali."

"Si swali, mama, ni jibu."

Mkaguzi aliligeuza kufuli kwenye mwanga wa dirisha. Tundu la ufunguo lilikuwa na utando mgumu wa kijivu. Aliukwangua kwa ukucha, akanusa. Sabuni mbichi, iliyokaukia pale.

"Kuna aliyelishika baada yako?"

"Nililiokota kwa leso nikalitia kwenye droo. Nimewahi kuona sinema, bwana." Alicheka peke yake. Kisha akaegemea meza. "Sikiliza. Nina rafiki zangu wenye viwanda. Kuna cha magodoro, kuna cha rangi, kuna cha mabati. Wote wanatafuta mshauri anayeelewa."

"Anayeelewa nini?"

"Anayeelewa."

Mkaguzi alilitia kufuli kwenye mkoba. "Nionyeshe pipa."

*

Pipa lilisimama katikati ya ukumbi, refu kuliko watu wawili, na ngazi ya chuma ubavuni. Wafanyakazi waliliita Bi Mkubwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kulishinda kelele. Boila la mvuke lilikuwa kwenye ukuta wa pili. Meneja aliitwa kwenye simu, akamwacha Mkaguzi na mwendeshaji wa mashine, mtu mzima mwenye ndevu za mvi ambaye hakutaka kusimama karibu na kitufe. Tangu ajali, wenzake walimwita Kidole.

"Wewe ndiye uliyewasha," Mkaguzi alisema.

"Mimi."

"Nieleze kama ulivyomweleza polisi."

"Polisi aliuliza nani kabonyeza. Nikasema mimi. La pili hakuuliza."

"Mimi nauliza. Ulifika, ukafanya nini?"

"Nikatazama sanduku la swichi. Matundu ya kufuli matupu, hakuna hata moja. Nikainua swichi, nikapiga kengele ya tahadhari, nikasubiri, nikabonyeza."

"Kengele inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Ulichungulia ndani?"

Kidole alifuta mikono kwenye ovaroli, ingawa ilikuwa mikavu. "Mama, makufuli yalipoletwa tuliambiwa, kufuli ndilo jicho lako. Tundu tupu, pipa tupu. Zamani tulikuwa tunapanda ngazi kuchungulia. Tukaacha."

Mkaguzi alishusha swichi, akaifunga kwa kufuli alilonunua mwenyewe dukani, akatia ufunguo mfukoni. Kisha akapanda ngazi.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Ndani. Nikifika chini fungua mvuke wa boila kama asubuhi ile, halafu upige kengele."

"Kitufe mimi sikisogelei."

"Sijakuambia kitufe. Kengele."

Ndani mlikuwa na giza la kijivu na harufu ya magadi iliyochoma koo. Mapanga yalikuwa yameng'olewa, yamebaki matundu ya skrubu. Alichuchumaa pale ambapo mtu angechuchumaa akikwangua. Mvuke ukafunguliwa, na chuma chote kikaanza kunguruma, sakafu, kuta, hata meno yake. Alisubiri kengele. Mvuke ulipofungwa, sauti ya Kidole ilimfikia kutoka juu, imekaribia kulia.

"Mama! Umesikia?"

"Umeshapiga?"

"Nimepiga mpaka mkono umechoka!"

Alipanda akatoka. Jambo la kengele lilikuwa limekwisha: Kidole aliipiga kweli, na aliyekuwa ndani hakuweza kuisikia. Lilibaki kufuli. Lilitoka nyumbani likiwa mkandani, likakutwa kabatini lina sabuni mbichi tunduni. Taratibu alikuja kutoka nyumbani na mikono safi. Wenye sabuni mikononi saa ile walikuwa watu wa zamu ya usiku. Mmoja wao alilishika. Lakini angelifunguaje?

"Kufuli lako uko nalo?" alimuuliza Kidole.

Kidole alilitoa mfukoni. Lilikuwa jekundu, lenye mstari mweupe. Akaanza kutafuta ufunguo wake.

"Ufunguo kaa nao," Mkaguzi alisema.

Akatoa ule wenye kamba, wa Taratibu, akauchomeka kwenye kufuli la Kidole. Ulizunguka bila kukwama. Kufuli likafunguka, tak.

Alimtazama mzee usoni, si mikononi.

"Hukushangaa."

"Nishangae nini? Yote mamoja hayo. Ufunguo mmoja unafungua makufuli yote, tangu yalipoletwa."

"Nani anajua?"

"Sote. Meneja ndiye aliyeagiza yawe hivyo. Watu walikuwa wanapoteza funguo, kazi inasimama. Akasema sasa wa kwako ukipotea, utaazima wa mwenzako."

"Na mtu akisahau kufuli lake swichini?"

"Mwenzake analitoa, anamfungia kwenye mkono wa kabati. Ataliona akija. La sivyo anaandikwa ubaoni, watoto wake wanachekwa. Kutoleana makufuli kwetu ndio uunga..."

Hakumaliza. Alitazama lile sanduku la swichi, matundu yake matupu, kisha akakaa chini pale pale kwenye sakafu yenye maji.

"Alifunga," alisema. "Jamani, Taratibu alifunga."

*

Kengele ya kubadilisha zamu ilipolia, Mkaguzi alikuwa chumba cha kubadilishia nguo, amekaa kwenye benchi mbele ya kabati la Taratibu. Kufuli lenye nukta mbili aliliweka kando yake, wazi. Watu waliingia wakipigana vijembe, wakaliona, sauti zikapungua. Waliosha mikono haraka wakatoka.

Mmoja alibaki bombani. Alikuwa na macho ya Mama Pacha. Aliosha mikono, akaosha tena, na povu halikuisha kwa sababu hakuifungulia maji ya kutosha.

"Sijawahi kuliona hilo," alisema bila kugeuka.

"Sijakuuliza."

Maji yaliendelea kutiririka.

"Wanasema wewe ni Redio," Mkaguzi alisema.

"Walisema."

"Nimeambiwa siku ile zamu yenu ilikuwa inakwangua mfuniko wa pipa, umeshushwa sakafuni, kila mtu na kufuli lake swichini. Kengele ya zamu ikalia mkatoa yenu. Likabaki moja. Watu wengi wangeweza kulitoa. Lakini aliyelitoa hajasema, na wote wengine wanaongea. Nikajiuliza, ni nani hapa ambaye ana cha kupoteza zaidi ya kazi?"

Redio alifunga bomba. Alikaa mwisho wa benchi, mbali na kufuli.

"Yeye huja mapema. Siku zote. Nilimwona na koti begani anaelekea stoo kuchukua glavu, tukapungiana mkono. Sikumwona akirudi. Kumbe alisharudi na akaingia." Alikung'uta povu mikononi. "Tukatoa yetu. Nikaona nukta mbili. Nikajua la jana hilo, maana usiku kucha mashine haikuwashwa, na jana alikuwa na haraka, mtoto mmoja alikuwa na homa. Nikacheka, mama. Nikasema shemeji, leo umepatikana! Mtu wa kufuli ni mswaki! Nikapanga nimtanie mpaka mwaka uishe. Ila nikasema, ubaoni haandikwi, si mume wa dada yangu."

"Ukalitoa kwa ufunguo wako."

"Kwa ufunguo wangu. Hata mikono sikuwa nimeosha. Basi la wafanyakazi lilikuwa linapiga honi."

"Hukupanda ngazi."

"Sikupanda ngazi."

Mkaguzi alifunga kufuli, akalirudisha mkobani. "Yote haya nitayaandika. Na jina lako litakuwemo."

"Na la aliyeleta ufunguo mmoja?"

"Litatangulia lako."

"Dada yangu..."

"Kesho ripoti inakwenda bima, na bima watampigia simu. Akisikia kwao kwanza, atajua ulimwacha aambiwe na wageni."

"Atanifukuza."

"Pengine. Nenda leo."

*

Meneja alisikiliza akiwa amesimama. Mkaguzi alikuwa ameazima makufuli ya zamu nzima, yamo kwenye ndoo ya sabuni, na aliyafungua moja baada ya jingine kwa ufunguo wa marehemu, akiyaweka juu ya meza. Alipofika katikati ya ndoo Meneja alimzuia mkono.

"Imetosha. Vizuri. Tena vizuri sana, umempata. Andika shemeji yake ndiye aliyelitoa, basi. Mtu kamuua mtu, kiwanda kinahusikaje?"

"Redio alikuwa na ufunguo wa kufuli la mtu mwingine. Nani alimpa?"

"Nilitaka kazi isisimame."

"Na wakawa wanatoleana kwa siri. Nani aliwafanya waogope kusahau?"

Meneja alizima feni. "Nimekulipa niambiwe haya? Wewe huna ofisi, una chumba juu ya fundi cherehani. Hutapata kazi nyingine mji huu, nakuapia."

"Zamani ningeifungia mashine kwa muhuri," Mkaguzi alisema. "Sasa muhuri sina. Nina simu." Akaipiga pale pale, mbele yake, kwa bosi wake wa zamani wa ofisi ya ukaguzi. Alieleza kwa sentensi chache, akataja makufuli, akasikiliza, akasema ahsante.

"Wanakuja kesho asubuhi. Bi Mkubwa asirudishiwe mapanga."

"Nitamwandikia wakili!"

"Mwandikie. Ila lile jina getini lifutwe kwanza."

"Sifuti kitu mimi mpaka wakili aseme."

Mkaguzi alishuka ngazi na mkoba wake. Uwanjani wafanyakazi walikuwa wamesimama bila kwenda kwenye basi, wamegeukia geti. Redio alikuwa mbele ya ubao. Hakuwa na kitambaa. Alifuta kwa mkono wa shati, herufi kwa herufi, na mlinzi akawa ghafla ana kazi ya kutazama upande wa pili wa barabara. Alipomaliza TARATIBU na kosa lake, aliendelea kushuka, akafuta la huyu na la yule, mpaka ubao ukabaki mweusi wenye maji.

Kisha akaondoka kwa miguu kuelekea kwa dada yake. Mkaguzi alimfuata kwa mbali, kwa kuwa alikuwa na suruali ya kurudisha. Aliona mlango ukifunguliwa. Aliona Redio akisema, kirefu, na Mama Pacha akiwa ameshika fremu. Hakusikia maneno. Aliona mlango ukifungwa, Redio yuko nje. Alikaa kwenye kizingiti. Hakuondoka.

*

Pipa lina muhuri wa ofisi ya ukaguzi. Bima imekubali kwamba Taratibu alifunga. Kiwanda cha magodoro hakikupiga simu, wala cha rangi. Aliyepanda ngazi za fundi cherehani ni mwanamke wa kiwanda cha biskuti, ambaye mumewe hufanya kazi kwenye oveni, na ambaye alitaka tu kujua kama makufuli ya huko nayo yana ufunguo mmoja. Mkaguzi aliandika jina lake na kumwambia amtume kwanza mumewe akajaribu ufunguo wake kwenye kufuli la mwenzake.

Pacha hawazungukii sokoni tena. Asubuhi Redio hufika nyumbani kwa dada yake na kusimama nje ya mlango. Mama Pacha bado hamsemeshi. Hufungua, huwatoa watoto, hufunga. Redio huwashika mikono, mmoja huku na mmoja huku, na kuwapitisha njia ya getini hadi shule.